Mjadala: Mtoto wa miaka 12 azuiwe kwenye michuano mikubwa ya kuogelea? Mimi naanzia Wembley, 1938

Mzee wa Maji Marefu

Wakuu, heshima mbele.

Tangu michuano ya dunia ya kuogelea ya Singapore 2025 kelele hazijaisha. Binti wa Kichina, Yu Zidi, akiwa na miaka 12, alishika nafasi ya nne mara tatu. Kwenye mita 200 mchanganyiko (mtu mmoja anaogelea mitindo yote minne) medali ilimponyoka kwa 0.06 ya sekunde. Shaba akaja kuipata kwenye mbio za kupokezana za mita 4 x 200, kwa sababu aliogelea hatua ya mchujo. Kanuni ya shirikisho la dunia inataka miaka 14, ila ukifikisha muda wa kufuzu unaingia hata ukiwa mdogo zaidi. Sasa kuna wanaotaka mlango huo ufungwe kabisa, wengine wanataja miaka 16. Napinga, na ushahidi wangu ni wa London, Agosti 1938.

Michuano ya Ulaya mwaka ule ilipigwa Wembley, ndani ya Empire Pool, bwawa lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Himaya ya 1934. (Mita 1,500 za wanaume alishinda Msweden aitwaye Björn Borg. Siyo yule wa tenisi, yule alikuwa hajazaliwa.) Upande wa wanawake walitawala Wadenmark. Ragnhild Hveger, miaka 17, aliondoka na dhahabu tatu, na mita 200 za mtindo wa chura zikabebwa na Inge Sørensen, aliyekuwa ametimiza miaka 14 wiki chache tu nyuma.

Wala hakuwa mgeni. Miaka miwili kabla yake, kwenye Olimpiki ya Berlin, alichukua shaba akiwa na miaka 12 na siku 24. Mpaka leo hakuna mdogo kuliko yeye aliyepata medali ya Olimpiki kwenye shindano la mtu mmoja mmoja. Hebu ioneni picha: dhahabu kwa Maehata Hideko wa Japan, mwanamke mzima wa miaka 22, fedha kwa Martha Genenger, uwanja mzima wa Wajerumani ukimshangilia, halafu pembeni yao mtoto ambaye huku kwetu angekuwa darasa la sita. Mtangazaji wa redio ya Denmark alimwita "Inge mdogo wa kupendeza", na jina likamganda hadi uzeeni.

Sasa chukueni hiyo kanuni yenu ya miaka 16 mkampe Inge. 1936, subiri. 1938, subiri. 1940 kafikisha 16: Olimpiki imefutwa, Wajerumani wameshaingia Denmark tangu Aprili. Michuano ya Ulaya ilirudi 1947, Monte Carlo. Angekaa na kanuni yenu mkononi mpaka miaka 23, bila medali hata moja ya kumwonyesha mjukuu. Marjorie Gestring wa Marekani naye ni hivyo hivyo: dhahabu ya ubao wa kurukia Berlin akiwa na miaka 13, vita vikaja, na alipojaribu tena 1948 akashika namba nne kwenye mchujo wa kwao, akaachwa. Maji ya bwawa hayamsubiri mtu akue.

Naomba kuwasilisha. Matusi pelekeni kwenye jukwaa la mpira.

Kocha wa Zamani

Mkuu umeandika vizuri, lakini unatumia vita kutetea kanuni. Hitler hatokei kila baada ya miaka minne. Kanuni hutungwa kwa ajili ya miaka ya kawaida, na miaka ya kawaida mtoto wa 12 akiambiwa asubiri miaka miwili anasubiri, anakua, anarudi na mabega mapana zaidi.

Halafu umeruka kitu. Berlin ile ilikuwa ya nani? Watoto wale waliwekwa kwenye jukwaa ambalo watu wazima walilijenga kwa shughuli zao. Hveger uliyemsifia alipata fedha pale akiwa na miaka 15, akawa malkia wa rekodi za dunia, na wakati wa vita akaenda kufundisha kuogelea Ujerumani. Vita vilipoisha wenzake Wadenmark wakamfungia kwa ukaribu wake na Wanazi. Alirudi Olimpiki ya 1952 akiwa na miaka 31, akawa wa tano. Simtetei, alikuwa mtu mzima alipochagua. Lakini mtu aliyegeuzwa bendera tangu utotoni, nani alimfundisha kukataa?

Mama Pacha

Mimi si wa historia. Nina mabinti wawili wanaogelea hapa Dar, mmoja ana 11. Tunaamka saa kumi na nusu alfajiri. Nywele zake zimekuwa kama makumbi, mafuta ya nazi hayafui dafu mbele ya klorini, na akilala kwenye gari nikirudi naye naona alama za miwani bado zimezunguka macho. Anapenda, sikatai. Siku moja kocha (sitaji klabu) alimwambia mbele yangu asile wali mpaka mashindano yapite. Miaka kumi na moja! Nilimbeba mwanangu tukaondoka.

Kwa hiyo mnaponiambia umri, mimi nasikia kitu kingine. Nani anakaa na mtoto pale bwawani nikiwa kazini? Huyo Inge alikuwa na nani?

Mzee wa Maji Marefu

Mama Pacha, umenigusa, na kwa hilo la wali ulifanya sawa kabisa. Ila angalia: yule kocha angesema vile vile hata kama shirikisho la dunia lingeweka miaka 20. Kanuni ya umri inamzuia mtoto. Kocha haimgusi.

Kocha wa Zamani, la Hveger nalimeza, ingawa linakwaruza koo. Lakini na wewe kumbuka kanuni za "kuwalinda" zinavyopenda kukosea. Michuano ya kwanza kabisa ya Ulaya, Budapest 1926, ilikuwa ya wanaume watupu, wakati wanawake walikuwa wanaogelea Olimpiki tangu 1912. Mwaka mmoja tu baadaye, Bologna 1927, wakaingia. Maji yalikuwa yale yale.

Kocha wa Zamani

Wanawake ni watu wazima. Usichanganye.

Na tenganisha kuogelea na kuruka. Ukiruka kutoka jukwaa la mita 10 unayafikia maji kwa mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa. Mikono ndiyo inatangulia, na kishindo kinapita kwenye viganja, viwiko, mabega. Mifupa ya mtoto haijakomaa. Fu Mingxia alipotwaa ubingwa wa dunia wa jukwaa pale Perth 1991 akiwa na miaka 12, wakubwa walishtuka wakaweka umri wa chini, na mchezo haukufa.

Bahari Hindi

Nawasoma huku nimekaa Forodhani. Muda huu kuna vijana wanakimbia wanajirusha kutoka ukutani, mmoja hata kumi hajafika, kapinduka hewani mara mbili na watalii wanapiga picha. Huyu mnamweka kanuni gani?

Na umri wenyewe mtaupima vipi? Kwenye mpira watu wanashusha miaka wacheze timu za vijana. Wekeni 16 kwenye kuogelea muone vyeti vinavyopanda.

Mzee wa Maji Marefu

😂 Bahari Hindi, huyo mwache, ila akiruka maji yakiwa yamekupwa mwite mama yake.

Kwenye jukwaa nakubali, Kocha. Mita 10 iwe na umri, na ibaki hivyo. Kwenye kuogelea sijasogea: muda wa kufuzu ndio kipimo. Mtoto anayeufikisha si wa maonyesho, tofauti na yule binti wa Bahrain, miaka 10, aliyepelekwa Kazan 2015 akawa wa mwisho.

Mama Pacha

Sawa. Kuna mashindano mwezi ujao, mwanangu kafuzu kundi la wakubwa, wenzake wana 15 na 16. Fomu iko mezani tangu Jumatatu, sehemu ya mzazi iko wazi. Yeye kila akipita anaitazama, hasemi kitu.

Kocha wa Zamani

Nani ataenda naye?

Mama Pacha

Mimi. Nimeshaomba ruhusa kazini.