Brashi yako ya kwanza ya kunyoa ndevu ilikuwa gani?

BabaBoyUmoja
Wadau habari za jioni. Kijana wangu amemaliza fomu foo na ndevu zimeanza kuota vizuri, sasa kila akitoka kwa kinyozi shingo inajaa vipele hadi anaona aibu kuvaa shati ya kola. Nataka aanze kujinyoa mwenyewe nyumbani, nimtafutie ile mashine ya wembe mmoja wa kubadilisha, sabuni ya maana na brashi.
Mimi brashi yangu ya kwanza nilirithi kwa mzee. Alikuwa mtu wa Reli, tulikaa kota za Makongeni, na hiyo brashi ina mpini wa plastiki uliokuwa mweupe ukageuka rangi ya chai, nywele zimepungua katikati, lakini ukiilowesha na kuizungusha kwa sabuni ya kijiti povu linakuja zito hadi linasimama. Mzee alikuwa ananyoa asubuhi kioo amekiegemeza dirishani, maji moto kwa kikombe cha bati, redio iko chini chini, na hakuna mtu alithubutu kumharakisha hata kama choo cha nje kina foleni. Ninayo hadi wa leo.
Yenu ya kwanza ilikuwa ya nywele gani? Na huyu kijana nimpe hii ya babu yake ama nimnunulie mpya?

povu_zito
Mzee umenigusa na hii swali. Yangu ya kwanza ni Omega, ya Italia, nywele za nguruwe, binamu yangu alinibebea akitoka huko, na mwanzoni niliichukia kabisa juu ilikuwa inachoma mashavu na ikilowa inanuka mbuzi aliyenyeshewa. Lakini za nguruwe ziko hivyo, ni ngumu mpaka zizoee, halafu kadri unavyotumia ncha za nywele zinapasuka zinakuwa laini mbele huku mgongo wa brashi unabaki imara, na hapo ndipo utamu wake uko. Inataka kulowekwa kwa maji vuguvugu dakika kadhaa kabla ya kazi, ukiiharakisha itakunyonyea maji yote ya povu ubaki na sabuni kavu usoni. Baadaye nikapata ya baja, yule mnyama wa China na Ulaya wa jamii moja na nyegere, hiyo inashika maji mengi na ni laini kweli lakini bei ni ya watu wengine. Nikiambiwa nibaki na moja tu nitabaki na ile ya nguruwe.

Yusuf_Eastleigh
Assalaam aleikum. Kwa sisi Waislamu hapo lazima mtu awe makini, juu brashi nyingi za bei rahisi zimeandikwa tu "bristle" kwa kiboksi na hiyo kwa kawaida ni nywele za nguruwe, muuzaji mwenyewe hajui ukimuuliza. Yangu ya kwanza nilichukua ya sinthetiki, yaani nywele za kutengenezwa kiwandani, kwa sababu hiyo hiyo na sijawahi kujuta, haihitaji kulowekwa, inakauka haraka hata msimu wa mvua, hainuki, na hizi za siku hizi ni laini sana. Kama una brashi na hujui ni ya nini, ng'oa unywele mmoja uuchome na kiberiti. Wa mnyama unanuka nywele zilizoungua na unabaki jivu, wa sinthetiki unayeyuka unakuwa kadonge kagumu. Kwa kijana anayeanza mimi nasema sinthetiki bila kufikiria mara mbili.

KinyoziKayole
Niingilie kama mtu wa kazi. Nilijifunza kwa mzee mmoja pale River Road enzi za povu na wembe, brashi ndiyo kitu cha kwanza aliniwekea mkononi, wembe ulikuja baadaye sana. Alikuwa ananiambia tengeneza povu tu, siku nzima povu.
Sasa kuhusu vipele vya huyo kijana. Nywele zetu zimejikunja, ukizikata chini ya ngozi zinaota zikirudi ndani na ngozi inavimba. Zile nyembe za meno matatu manne zinavuta unywele kwanza halafu zinaukata chini zaidi, ndiyo maana zinaleta shida. Wembe mmoja, unyoe kufuata vile ndevu zimelala, shingoni apapase na vidole kwanza ajue zimelala upande gani, asirudie kinyume hata akiona hazijaisha vizuri. Brashi inasaidia kwa kuinua nywele na kuzilowesha, apake azungushe dakika mbili tatu hivi ndio ndevu zilainike. Akimaliza maji baridi na shabu, lile jiwe la kupaka baada ya kunyoa. Na vipele vikiwa vimetunga usaha aache kunyoa kwanza, aende zahanati.
Kitu kingine, asikubali brashi ya kushirikiwa kwa kinyozi. Mimi mteja akitaka povu namwambia aje na yake.

BabaBoyUmoja
Asanteni sana, nimeandika yote. @KinyoziKayole hiyo ya kushirikiana imenitia wasiwasi, hii ya mzee si inaweza kuwa na magonjwa? Alinunua miaka ya 70.

KinyoziKayole
Kisa cha kuogopa brashi kuukuu kipo, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia wanajeshi wa Uingereza na Marekani walishikwa na kimeta kutoka kwa brashi za nywele za farasi ambazo hazikuwa zimesafishwa na dawa kiwandani. Ya miaka ya 70 si ya kundi hilo. Ioshe na sabuni na maji ya moto ya kuvumilika mkononi, yasiwe ya kuchemka juu gundi ya ndani italegea nywele zing'oke, halafu iloweke kidogo kwa maji yenye siki kutoa ule ukoko wa sabuni, suuza, ikung'ute, iache pahali pana hewa. Usiifungie kwa kiboksi ikiwa mbichi. Nywele zikiendelea kutoka baada ya hapo, imefika mwisho.

povu_zito
Na maji yenu ni ya kaunti ama ya kisima? Nikiwa Kitengela ya chumvi yalikuwa yananikatalia povu kabisa, nilikuwa naweka ya mvua kando kwa jerikeni ya kunyolea tu.

BabaBoyUmoja
Ya kaunti, siku yakitoka. Basi nitamchukulia ya sinthetiki aanze nayo, hii ya babu naiosha wikendi na nitamwonyesha vile inatumika, akiipenda ni yake. @Yusuf_Eastleigh hizo za sinthetiki huko kwenu naulizia duka gani, za vipodozi ama za vifaa vya vinyozi?

Yusuf_Eastleigh
Vifaa vya vinyozi. Bonyeza nywele na kidole kabla ulipe, zikirudi zenyewe haraka chukua.