Ofisi ya safari imetuwekea "kuogelea na pomboo" bila kutuuliza, na sasa pesa hawarudishi

Wadau, nimefura na sitaficha. Chama chetu cha akina mama kumi na wawili hapa Umoja kimeweka akiba mwaka mzima ili Desemba twende Dubai. Tukalipa nusu kwa M-Pesa kwa ofisi moja ya safari katikati ya mji. Juzi ratiba ikatumwa kwenye grupu ya WhatsApp, na siku ya tatu imeandikwa "kuogelea na pomboo". Hakuna aliyeomba! Nikapanda ngazi hadi orofa ya nne, lifti ikiwa mbovu, nikamwambia kijana wa kaunta atoe hicho kitu na pesa yake irudi. Akanijibu: "Mama, hao samaki wameshazoea. Wamezaliwa humo. Ukiwaachilia watakufa."

Samaki? Pomboo anapumua hewa kama wewe. Ananyonyesha mtoto wake. Baharini anaijua njia kwa mwangwi wa sauti yake mwenyewe. Huyo unamzungushia kuta za saruji, kisha unamrusha juu ili apewe samaki?

Hilo la "watakufa" ndilo lililonichoma, maana ndicho kisingizio chao wote. Nani amesema watupwe tu baharini? Tunachodai ni wastaafishwe: ghuba iliyofungwa kwa wavu, maji ya bahari yanayokupwa na kujaa, chakula wanaletewa, daktari yupo, maonyesho yamekwisha. Na Mkenya hana haki ya kusema haelewi jambo hili. Ol Pejeta, hifadhi ya wanyama kule Laikipia, inalea sokwe waliookolewa tangu 1993. Desemba 2009 vifaru weupe wa kaskazini wanne walitolewa kwenye bustani ya wanyama huko Cheki wakaletwa hapo hapo, na mmoja wao, dume aitwaye Sudan, akaishi hapo hadi Machi 2018. Tembo yatima wanaolelewa hapa hapa Nairobi wakikua hupelekwa Tsavo. Sasa kwa nini pomboo ndiye aambiwe bwawa limemtosha?

Kazi yenyewe si nyepesi, najua. Mwaka 2019 nyangumi weupe wawili, ndugu wa pomboo, Little Grey na Little White, walisafirishwa kwa ndege kutoka Shanghai hadi Aisilandi. Mwaka uliofuata wakaingizwa kwenye ghuba ya Klettsvík, kisha ikabidi warudishwe kwenye bwawa la ndani, kwa sababu mnyama aliyeishi bwawani miaka hajifunzi bahari kwa wiki moja. Hiyo ni sababu ya kuanza mapema, si ya kutoanza.

Mtazameni Tokitae, yule orca (nyangumi muuaji, naye ni wa ukoo wa pomboo). Alikamatwa mwaka 1970 pwani ya jimbo la Washington, Marekani, akiwa bado mtoto, akafungiwa Miami kwenye bwawa la urefu wa mita 24 hivi, naye mwenyewe ana karibu mita 6. Zaidi ya miaka 50 humo! Machi 2023 ndipo mpango wa kumrudisha kwao ukatangazwa. Agosti akafa, bado yumo bwawani. Nilipoisoma habari hiyo nililia, na sioni aibu kusema.

Mwaka juzi nilimpeleka binti yangu Shimoni, pwani yetu ya kusini. Boti ikazima injini karibu na Kisite, pomboo wakatokea, mama na ndama wake ubavuni, wakazunguka kidogo kisha wakaenda zao. Mtoto alikaa kimya hadi tuliporudi ufukweni. Hao ni wetu, wako huru, halafu tupande ndege tukalipie wafungwa?

Canada ilipiga marufuku kuwafungia pomboo na nyangumi kwa maonyesho mwaka 2019, Ufaransa ikapitisha sheria yake 2021. Biashara hii inaishi kwa tikiti, na tikiti zenyewe zinauzwa hapa mjini na vijana wetu.

Ujumbe wote wa M-Pesa ninao, na ratiba ya kwanza tuliyokubaliana haina pomboo. Wenzangu watano wameshasema siku hiyo hawatoki hotelini. Aliyewahi kudai ofisi ya safari ikarudisha pesa, aniambie alianzia wapi. Jumatatu asubuhi niko kwenye kaunta yao tena.