MREJESHO: Wale njiwa wangu wa Nyegezi, Mwanza, baba buluu na mama mwekundu

Wakuu, salaam. Mwaka jana niliwauliza kwa nini dume wangu wa buluu na jike mwekundu wanatoa makinda ya rangi mbili bila mpangilio. Mmoja wenu akasema nisubiri nijue jinsia kwanza. Niliona ananizungusha tu. Naomba radhi, mkuu.

Wametaga mara nne, mayai mawili mawili, siku 18 hivi za kuatamia. Kinda mmoja kabebwa na mwewe (huku kwenye mawe wamejaa), wawili bado wachanga. Watano waliokomaa: wekundu wawili, wote madume, buluu watatu, wote majike!

Kumbe jeni (chembe ya urithi) ya wekundu hukaa kwenye kromosomu ya jinsia, yaani ule uzi wa jeni unaoamua dume au jike; kwa ndege huitwa Z. Njiwa dume ana Z mbili, jike anayo moja tu, na hiyo huipata kwa baba. Baba akiwa buluu, binti atautoa wapi wekundu? Mtoto dume hupata Z ya mama pia, na wekundu hufunika buluu. Hufunika tu, haufuti: madume wangu wekundu wana vidoa vyeusi mabawani, ndiyo buluu iliyojificha.

Nilitaka kuoanisha ndugu kwa ndugu. Nimeacha. Natafuta jike wa buluu wa banda lingine wa kuoanisha na dume wangu mwekundu, ingawa hapo rangi haitanitajia tena jinsia. Mwenye naye Igoma au Buhongwa aseme bei.