MREJESHO: Dawa za presha za mama zimepatikana

Habari zenu jamani, niliuliza kuhusu mama yangu, ana miaka 71, nimemweka kama mtegemezi kwenye NHIF yangu ya kazini (bima ya afya ya taifa, hapa Tanzania), hospitali moja wakamwambia dawa za presha hazipo akanunue kwa hela yake. Nimeleta mrejesho.

Yule aliyeniambia niulizie fomu 2C, ile ya kuchukulia dawa duka la nje zikikosekana hospitali, Mungu akubariki sana. Nilienda na mama mwenyewe, tukaanzia dirisha la wazee, lile lenye bango la Mpishe Mzee, nikamwambia dada wa pale kwa upole tu kwamba dawa ikikosekana hapa naomba fomu tukachukulie duka lenye mkataba na NHIF, akaingia kwa daktari akatoka nayo imegongwa muhuri. Duka la dawa tulilopelekwa wakaangalia kadi, wakampa amlodipine na losartan za mwezi mzima, hatujatoa hata mia. Mama akaifunga risiti kwenye pindo la khanga kama hela ya kikoba.

Sasa kilichoniuma ni wazee wenzake pale kwenye benchi, wana kadi kabisa ila wakiambiwa dawa hamna wanainuka kimyakimya wanarudi nyumbani, hakuna aliyewaambia hiyo fomu ipo. Mwenye mzazi anayetumia bima yako msindikize, na makaratasi ya kliniki mshikie wewe. Kama hana bima na hana uwezo, muulizie afisa ustawi wa jamii hapohapo hospitali, msamaha wa wazee unaanzia miaka 60.

Bado macho ya mama, ana mtoto wa jicho, nikifika huko nitarudi kuuliza.