Riwaya ya mapenzi na taharuki kuhusu shahidi anayelindwa: mhusika wangu afichue jina lake lini?

Karani wa Usiku:

Assalamu alaykum, wapenzi wa fasihi. Ninaandika riwaya yangu ya kwanza, na nimefika mahali ambapo hadithi imekataa kusonga. Mhusika mkuu, Zuhura, ni karani wa kampuni ya uwakala wa forodha mjini Mombasa aliyegundua kwamba makontena yaliyoandikwa kuwa ya majani ya chai yamebeba pembe za ndovu. Amekubali kuwa shahidi wa upande wa mashtaka, na kwa kuwa maisha yake yamo hatarini amehamishiwa Kitale, huko bara, akapewa jina la Zainabu na kuagizwa asirudi pwani wala asiwasiliane na mtu yeyote wa kwao. Huko anapendana na fundi wa redio ambaye kibanda chake kinatazamana na nyumba aliyopanga.

Wenzangu wawili waliosoma mswada wanasema nusu ya kwanza ni mapenzi matupu na nusu ya pili ni bastola tupu, kana kwamba nimeshona vitabu viwili kwa uzi mmoja. Naomba mnisaidie: ulinzi wa mashahidi huendeshwaje, nisije nikawadanganya wasomaji, na je, Zuhura amwambie mchumba wake ukweli lini? Nilifikiria pia kumwondoa fundi kabisa, afisa anayemlinda awe ndiye mpenzi.

Wakili wa Zamani:

Ndugu Karani, nianze na hilo la mwisho, maana ndilo lililonitia wasiwasi. Afisa ndiye anayepeleka taarifa za kuamua kama Zuhura ataendelea kulindwa au ataachwa ajitegemee. Mwanamke aliye katika hali hiyo akisema anampenda, msomaji atajuaje kama ni penzi au ni woga? Mwache fundi.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Mashahidi ya mwaka 2006, ambayo utekelezaji wake mwanzoni ulikuwa chini ya Mwanasheria Mkuu, hadi marekebisho ya mwaka 2010 yalipounda wakala unaojitegemea. Shahidi haingizwi kwa kuomba tu. Hupimwa ukubwa wa tishio na uzito wa ushahidi wake, na huangaliwa kama ipo njia nyepesi, kwa sababu wapo wanaotosheka kwa kusikilizwa faraghani, kwa jina la bandia au kwa njia ya video. Anayekubaliwa hutia saini makubaliano, na hutakiwa kueleza madeni yake, kesi zake na wajibu wake kwa watoto. Kubadilisha maandishi katika daftari la vizazi au la ndoa huhitaji amri ya Mahakama Kuu, kwa hiyo tafadhali usimpe kitambulisho kipya usiku uleule anaotoroka.

Huko Marekani, ambako mpango wao ulitokana na sheria ya mwaka 1970 na husimamiwa na maafisa wa US Marshals, zaidi ya mashahidi na jamaa 19,000 wamelindwa, na wakuu wake husema hakuna hata mmoja aliyefuata masharti akauawa. Yatazame maneno hayo, «aliyefuata masharti». Riwaya yako imelala hapo. Bastola haihitaji kumtafuta Zuhura Kitale. Inatosha mama yake augue Mombasa, naye apate habari.

Binti Kibokoni:

Mimi si mwanasheria, ila nimezaliwa Mji wa Kale, na ninakuhakikishia kwamba huyo Zuhura hatamaliza wiki mbili Kitale kwa ulimi alio nao. Mmombasa husema «ndia» pale mtu wa bara asemapo «njia», na husema «mtele» badala ya «mchele». Barabara yetu moja mpaka leo inaitwa Ndia Kuu. Mahakama imempa jina, lakini akienda sokoni akaulizia bei ya mtele, muuzaji atamwuliza mara moja kwao ni wapi, naye itambidi awe na jibu tayari. Mfanye aongee kidogo, kisha umwache ajisahau anapokasirika.

Tena umempa mchumba fundi wa redio, mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza! Huyo atakuwa ameshajua tangu siku ya kwanza kwamba huyo «Zainabu» ni mtu wa pwani, akanyamaza kwa heshima. Kwa maoni yangu, swali la Zuhura atasema lini ni dogo kuliko swali la lini atagundua kwamba mwenzake alikuwa anajua.

Kuhusu mama mgonjwa: akimtumia pesa kwa M-Pesa, ujumbe unaoingia Mombasa utabeba jina la mtumaji. Shilingi elfu mbili za dawa zitakuwa zimepeleka jina lake jipya nyumba ileile inayochungwa.

Msomaji wa Tanga:

Dada Binti Kibokoni amenitangulia kwa mengi, ila hakuna aliyegusa ndoa. Ikiwa wote wawili ni Waislamu, hawezi kuolewa kimyakimya. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu pwani, nikaha inahitaji walii, yaani msimamizi wa kumwozesha bibi harusi, na walii wa Zuhura ni baba yake, aliye hai Mombasa. Ni kweli kwamba walii akiwa mbali kadhi anaweza kusimama mahali pake, lakini kadhi mwangalifu hataozesha bila kuuliza baba ni nani na kwa nini hayupo. Na kwenye akdi tuliyoizoea, yaani pale ndoa inapofungwa kwa matamko, bwana harusi hulitamka jina la bibi harusi pamoja na la baba yake.

Sasa mtazame mwanamke aliyefichwa kwa sababu ni shahidi, amekaa chumba cha ndani, na huko sebuleni mbele ya mashahidi wawili fundi anataka kutamka «Zainabu binti» mtu asiyekuwepo duniani. Ama aiache akdi ipite juu ya uongo, ama atume neno kwa kadhi. Mapenzi na taharuki yameingia chumba kimoja, wala hakuna aliyefyatua risasi. Sura zako za bastola nadhani zinaweza kupungua kwa nusu, japo mimi binafsi ningebakiza moja, kwa sababu nami ni msomaji kama wengine.

Karani wa Usiku:

Nimewasoma wote mara mbili, na leo nimefuta sura nne. Afisa nimembakiza kama afisa tu. Fundi atajua mapema, na ile M-Pesa nimeiweka juma moja kabla ya nikaha, ili siku ya akdi msomaji awe anajua kinachokuja barabarani kutoka Mombasa huku Zuhura hajui. Ninachobabaika nacho sasa ni kadhi: akishaambiwa jina la kweli, naye pia amekuwa mwenye siri. Wakili, je, Zuhura atakuwa amevunja makubaliano aliyotia saini kwa kumwambia?