"Small Changes" ya Michael Kiwanuka: imepoa, au mimi ndiye nasikiliza vibaya?

Kitasa255

Wakuu, heshima kwenu. Naomba kuelimishwa na wanaomfuatilia Michael Kiwanuka, yule mwimbaji na mpiga gita wa Uingereza.

Albamu ya 2019, ile aliyoipa jina lake la ukoo, ilikuwa na kila kitu: kwaya, vayolini, gita lenye fazi (sauti iliyokwaruzwa makusudi), nyimbo zinazoingiliana bila kupumua. Ikabeba tuzo ya Mercury, ile ya albamu bora Uingereza, mwaka 2020 na sikusikia mtu akibisha. Kisha miaka 5 bila albamu, na Novemba 2024 ikatoka "Small Changes". Watayarishaji ni walewale, Danger Mouse na Inflo. Nyimbo 11. Lakini ukiicheza inapita tu, huoni pa kushika.

Kilichopungua ni nini hasa? Nikitaka kurudi nyuma ili hii mpya ieleweke, nianze na ipi na kwa mpangilio gani? Na kwa wapigaji humu: zile drams kavu na lile gita lenye mchanga mchanga mtu anazipataje bila studio ya mamilioni?

BesiKwanza

Mkuu Kitasa, kabla ya yote: unasikilizia nini? Kama ni spika ya simu, basi albamu hii bado hujaisikia. Si matusi, ni fizikia. Uzi mnene wa besi ukipigwa wazi hutoa mitetemo 41 kwa sekunde. Kispika cha simu huanza kuwa na nguvu kwenye mia kadhaa huko, kwa hiyo kinachokufikia ni mabaki ya juu ya noti, mwili wake umebaki njiani. Kwenye albamu ya 2019 hilo halikuumizi sana, maana juu kuna kwaya na vayolini za kuziba pengo. Kwenye hii mpya besi ndiyo imebeba wimbo. Ukiiondoa, unabaki na mtu anaimba kwa upole juu ya kinanda.

Na aliyeshika besi kwenye baadhi ya nyimbo ni Pino Palladino, yule mzee wa Wales aliyepiga kwenye "Voodoo", albamu ya D'Angelo ya mwaka 2000. Besi yake haikimbii huku na huko kama ya sebene. Anaweka noti 3, anaacha nafasi, na ile nafasi ndiyo inayokuvuta. Jimmy Jam naye yumo kwenye vinanda, yule wa Minneapolis aliyemtengenezea Janet Jackson vibao pamoja na Terry Lewis. Watu wa namna hiyo hawaitwi studio kuja kujaza kelele.

Fanya hivi. Hedifoni za waya, hata za bei ndogo, ilmradi zikae vizuri sikioni. Zikilegea kidogo tu besi inavuja. Ingia kwenye mipangilio ya programu unayotumia, zima kile kinachochanganya mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata, zima na kile cha kusawazisha sauti. Cha kwanza kinaharibu pale "Lowdown" sehemu ya kwanza inapokabidhi sehemu ya pili. Cha pili, kwenye baadhi ya programu, huunyanyua wimbo wa kimya ukawa sawa na wenye kelele, na albamu hii inaishi kwa tofauti hizo. Ukiwa unabana bando, usisikilize moja kwa moja kwa ubora wa chini. Pakua mara moja kwa ubora wa juu ukiwa kwenye waifai. Kwa kilobiti 320 kwa sekunde, dakika moja ni kama MB 2.4, kwa hiyo albamu nzima haifiki MB 150.

Baada ya hapo cheza "Floating Parade" na usifuate maneno. Fuata besi peke yake mpaka mwisho. Ukimaliza, rudia na sikiliza vayolini zinaingia lini. Uje utuambie kama huoni pa kushika.

RukiaWaSanturi

Kaka Besi umesema vyema, ila naomba tusimfanye Kitasa aonekane kiziwi. Hoja yake ina ukweli.

Mwendo wa nyimbo unafanana mno. Kuanzia katikati ya albamu kwenda mwisho, "Follow Your Dream", "Live for Your Love", "Stay by My Side", zote zinatembea kwa hatua ileile, na sauti yake imewekwa mahali palepale, katikati, laini, mwangwi kidogo. Kila wimbo ukisimama peke yake ni mzuri. Ukizipanga mfululizo masikio yanachoka kwa kukosa tofauti. Kwenye "Love & Hate" ya 2016 mpangilio ulikusukuma: unafungua na wimbo wa karibu dakika 10, wa pili ni makofi na kwaya, unaofuata unakushusha. Hapa hakuna anayekusukuma.

Tena albamu ya 2019 ilikuwa na uzi wa maana uliofunga nyimbo. "Hero" inamzungumzia Fred Hampton, kiongozi wa chama cha Black Panther kule Chicago aliyeuawa na polisi tarehe 4 Desemba 1969 akiwa na miaka 21. Kati ya nyimbo kuna sauti za kumbukumbu za harakati za haki za Wamarekani weusi. Ukiizima katikati unajua umekatiza jambo. "Small Changes" inazungumzia mapenzi, familia, mtu kutulia na nafsi yake. Hakuna ubaya, lakini ukiizima katikati hujakatiza kitu.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza: ala zimepungua, sawa, ila kilichopungua zaidi ni mvutano. Hilo hedifoni haiwezi kulirudisha.

kampala_mashariki

Niingie kwenye mpangilio wa kusikiliza, na jirani zetu mniruhusu kujivuna kidogo. Kiwanuka amezaliwa London mwaka 1987, wazazi wake ni Waganda waliokimbia utawala wa Idi Amin. Na jina hilo si la kuokota: kwa Baganda, Kiwanuka ni mungu wa ngurumo na radi. Mtu anayeimba kwa upole vile kubeba jina la radi, hapo ndipo utamu ulipo. Kuliandika kubwa juu ya albamu ya 2019 ilikuwa njia ya kusema hatajificha nyuma ya jina la jukwaani.

Mpangilio wangu hauanzi na ile ya 2019, kwa sababu ukianza kileleni kila kitu kingine kitakuwa mteremko. Anza na "Home Again" ya 2012, ile iliyotoka mwaka aliochaguliwa na BBC kuwa sauti ya kuangaliwa. Mtayarishaji alikuwa Paul Butler. Usiicheze yote kwanza. Chukua "Tell Me a Tale" yenye filimbi na harufu ya jazi, halafu "Bones", halafu ruka hadi wa mwisho, "Worry Walks Beside Me". Huo wa mwisho ndio mlango: polepole, mzito, kila ala imepewa kiti chake. Ukiusikia huo, "Small Changes" haitakushangaza. Watu wanasema amebadilika. Mimi naona amerudi nyumbani akiwa na vyombo bora.

Kisha "Love & Hate", nyimbo 3: "Cold Little Heart" nzima, wimbo wenye jina la albamu, na "Father's Child". Onyo kwa wanaoijua "Cold Little Heart" kupitia tamthilia ya televisheni ya HBO ya Marekani ya 2017: pale mlipewa kipande tu. Wimbo wenyewe unakaa karibu dakika 5 kabla hajaimba neno. Ukiruka hizo dakika 5 umeruka nusu ya hoja.

Baada yake albamu ya 2019 kwa mkao mmoja, bila kuchanganya mpangilio. "You Ain't the Problem" inaingia "Rolling" bila pengo, na "Hero" ina utangulizi wake peke yake. Ukibonyeza kuchanganya utakutana na vipande vya dakika moja visivyo na kichwa wala miguu, ukadhani faili limekatika.

Mwisho ndiyo hii mpya, na hapa nashauri uanze na "Lowdown" zote mbili, kisha "The Rest of Me", ndipo urudi wimbo wa kwanza.

Kando kidogo: kama kilichokuvuta 2019 ni ule ukali, tafuta SAULT, kundi la Inflo. Kiwanuka mwenyewe yumo kwenye "Bow", ndani ya "Untitled (Black Is)" ya 2020. Moto uliouzoea ulihamia huko.

Solo_na_Ridhimu

Swali la wapigaji nalichukua mimi. Sitadai hivi ndivyo walivyofanya studio. Hizi ni njia za kufika jirani na sauti ile kwa vifaa vya kawaida.

Gita la fazi, kama lile la mwisho wa wimbo "Love & Hate": kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kupanga pedali (vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadili sauti) vibaya. Fazi za mtindo wa zamani lazima zishikane na gita moja kwa moja, ziwe za kwanza. Ukiweka mbele yake kifaa chenye umeme wake, kama kipima noti au kile cha kupiga bila waya, fazi haiioni tena pikapu ya gita, yaani kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi. Sauti inakuwa nyembamba na kali kama nyuki ndani ya kopo. Ikishakuwa ya kwanza, ijaze karibu yote, halafu punguza kitufe cha sauti cha gita hadi 6 au 7. Hapo unapata ule mchanga mchanga badala ya ukuta. Ukitaka solo, fungua hadi 10. Tumia pikapu ya karibu na shingo, punguza toni, mwangwi uje mwisho kabisa wa mnyororo. Mwangwi ukitangulia fazi, kila mkia wa noti unageuka kelele.

Na noti ziwe chache. Sikiliza anavyovuta noti moja na kuiacha ife. Wengi tunapata sauti, tunashindwa subira.

Drams kavu: shusha ngozi za tomu (drami za kati) na sinea (ile yenye waya chini) hadi kabla tu hazijaanza kulegea, kisha weka taulo nyembamba ya jikoni. Sinea ifunike nusu tu. Ukiifunika yote unaua waya za chini na inabaki kama kupiga godoro. Maikrofoni moja juu, kama mita 1 kutoka sinea, nyingine mbele ya drami kubwa. Usiongeze mwangwi kwenye drams. Uweke kwenye sauti na vayolini. Tofauti hiyo, chini kavu na juu kuna hewa, ndiyo inayofanya masikio yaseme "hii ni ya zamani".

Makofi, kama ya "Black Man in a White World": watu 4, rekodi mara 3, kila mara mkibadilisha umbali, mita 1, 2, kisha 3. Kompyuta itakushawishi uyanyooshe yote yaanguke pamoja. Usikubali. Ukishayanyoosha, makofi 12 yanakuwa kofi 1 kubwa la plastiki. Acha yapishane kwa milisekunde 10 hadi 20.

Besi: nyuzi laini zisizo na mikwaruzo, kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja (pale nyuzi zinapoegemea mwilini mwa gita), toni chini, piga kwa dole gumba. Sponji isibane sana, noti iishi angalau nusu sekunde.

Kitasa255

Nimezima hivyo vitu viwili na kuvaa hedifoni za waya. Kaka Besi, nakubali nusu. "Floating Parade" ni wimbo mwingine kabisa, hata vayolini sikujua zipo kiasi kile. "Lowdown" ya pili, ile isiyo na maneno, gita lake nimelirudia mara 4. Lakini dada Rukia naye hajakosea: nikifika "Stay by My Side" bado napotea.

Swali dogo la nyongeza: anayetaka santuri achukue ipi?

RukiaWaSanturi

Kama ni moja tu, ya 2019. Upande mmoja wa santuri ya inchi 12 unabeba vizuri dakika kama 20. Ukizidisha, mifereji inabanwa, sauti inashuka, na wimbo wa karibu na kitovu unapoteza ung'avu kwenye "s" na "sh". "Love & Hate" na ile ya 2019 zimegawanywa kwenye santuri 2 kwa sababu hiyo, zinapumua. Ukinunua iliyotumika, ikague chini ya taa kwa pembeni, na jaribu kwanza wimbo wa mwisho wa kila upande, maana uchakavu hujitokeza hapo mapema.

Nitamwachia kaka Besi jambo moja: "Small Changes" kwenye santuri inageuzwa katikati, na ule mchoko ninaoulalamikia unapungua. Ukisimama kwenda kugeuza, masikio nayo yanapata nafasi.

BesiKwanza

Hilo la mwisho nimelihifadhi kama ushahidi, dada. Kitasa, kwa "Stay by My Side" usihangaike. Iache wiki mbili, halafu ianzie hiyo badala ya kuifikia ukiwa umechoka.