MJADALA: DNA inatosha kumrudisha mtu kwao?

Wakuu, salaam.

Septemba 2024 Benin ilipitisha sheria: ukiwa na miaka 18 na kuendelea, huna uraia wa nchi nyingine ya Afrika, na ukithibitisha kuwa wazee wako walitoka Afrika kusini mwa Sahara wakauzwa utumwani, unaomba uraia. Ushahidi ni hati, simulizi zilizothibitishwa au DNA.

Uraia naunga mkono. Kinachonikera ni cheti cha kabila ambacho watu hupewa baada ya kupima DNA. Piga hesabu: ukirudi vizazi vinane una mababu na mabibi 256. Kipimo cha upande wa mama kinamfuata mmoja tu: mama, bibi mzaa mama, mama yake bibi, hivyo hivyo kwenda juu. Mtu anaambiwa ni Myoruba, anabadili jina, anashona nguo; wale 255 hakuna aliyewauliza. Na maabara inalinganisha mate yake na watu walio hai leo, si waliopakiwa merikebuni Ouidah, bandari ya watumwa huko Benin.

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji 1: Mkuu, ulitaka watumie nini? Sensa ya Marekani ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina wale wote waliokuwa watumwa. Fungua orodha za watumwa za sensa ya 1850 na 1860: jina la mmiliki, chini yake umri, jinsia, rangi. Mwanamke, 34, mweusi. Basi. Huyo ndiye bibi yako, na huna pa kumpatia jina. Ukishagonga ukuta huo, hata mate ni afadhali.

Mchangiaji 2: Undugu ni kufaana, si kufanana. Novemba 2024 Ghana iliwapa uraia watu 524 wa diaspora kwa mkupuo, safi. Ila ukoo haugawiwi ukumbini. Kaa, zika nao, lugha ikukwame kooni mpaka itoke, ndipo wazee watakuita mwanao. Benin inataka ufike angalau mara moja ndani ya miaka mitatu kabla ya uraia kamili. Mara moja! Hata mtalii anarudi mara mbili.

Mleta mada: Mchangiaji 1, hiyo ya orodha imenigusa, sibishi. Lakini angalia, sheria yenyewe haidai kabila, inadai bara. Hapo DNA inatosha kabisa. Wanaouza kabila ni kampuni za vipimo, kwa watu wenye kiu. Mchangiaji 2, nawe tuambie: wangapi kati yetu tuliozaliwa hapa hapa tumezika na ukoo mwaka huu?